Kuingia Remote Desktop kunachukua dakika nne baada ya kubadili nywila: naomba mawazo yenu (Kigoma)

#1 Fundi wa Gungu, Kigoma

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo yenu kuhusu jambo linalotusumbua ofisini kwetu hapa Kigoma mjini. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu kila niliyemweleza kwa ufupi alinijibu kwamba ni mtandao, nami sijaridhika na jibu hilo.

Tuna seva moja ya Windows ambayo watumishi wetu wote wa mkoa huiingia kwa Remote Desktop, yaani kufungua skrini ya seva kutoka kompyuta nyingine, ili kutumia programu ya uhasibu na ya stoo. Walio hapa mjini hupitia waya wa ofisi, na walio Kasulu na Kibondo hupitia VPN, njia iliyofichwa ndani ya intaneti. Katika chumba hichohicho kuna seva ya domeini ya tawi, inayotunza akaunti na nywila za watumiaji, na seva ya mafaili. Seva ya domeini yenye jukumu la PDC Emulator, yaani ile ambayo nyingine huiuliza kuhusu nywila zilizobadilishwa, iko makao makuu, Dar es Salaam. Kati yetu na Dar tunatumia nyuzi za mkongo, na zinapokatika tunahamia setilaiti.

Siku za kawaida mtumishi huingia ndani ya sekunde 20 hivi. Sera yetu inamtaka kila mtu abadili nywila kila baada ya siku 60, na hapo ndipo shida huanza. Akibadili asubuhi, saa ya kwanza huingia vizuri kabisa. Akitoka kwenda kula na kurudi, skrini husimama kwenye maneno ya kumtaka asubiri kwa dakika tatu au nne. Akishaingia, programu inafanya kazi kwa kasi ileile ya jana, na hilo ndilo linalonizuia kuulaumu mtandao, kwa maana mtandao mbovu ungemsumbua hata akiwa ndani.

Yapo mengine matatu ambayo siyaelewi. Kwanza, akaunti haifungwi, ingawa tumeweka sera ya kuifunga baada ya majaribio matano mabaya. Pili, baadhi ya watumishi shida huwaondokea yenyewe baada ya siku moja, na wengine huendelea nayo kwa wiki nzima. Tatu, mimi nikiingia kwa akaunti ya usimamizi naingia haraka siku zote. Nimekwisha kuwasha seva upya mara mbili na kuiongezea kumbukumbu, bila mafanikio.

Wiki iliyopita mzigo ulifika kwa treni, na mama anayesimamia stoo alikuwa amebadili nywila siku hiyohiyo. Wachukuzi walisimama juani wakimsubiri afungue orodha ya mapokezi. Sipendi kuona mtu mwenye kujua kazi yake akiaibika kwa kosa ambalo si lake.

#2 Mwana Isevya, Tabora

Ndugu yangu wa Gungu, umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja hapa. Kabla hatujakisia chochote, nakuomba upime, kwa sababu kuingia Remote Desktop si tendo moja bali ni mlolongo wa matendo, na Windows huandika saa ya kila moja.

Chagua mtumishi mmoja mwenye shida, mwombe aingie ukiwa umeandika saa, kisha fungua Event Viewer, programu ya kusomea kumbukumbu za Windows, kwenye seva ile. Katika kumbukumbu za TerminalServices-RemoteConnectionManager tafuta tukio 1149. Katika LocalSessionManager tafuta tukio 21, ambalo husema kikao kimekubaliwa, na tukio 22, ambalo husema mazingira ya kazi ya mtumiaji yameanza. Kisha nenda kwenye kumbukumbu za GroupPolicy, yaani sera ambazo domeini huwawekea watumiaji na kompyuta. Tukio 4001 ni mwanzo wa kutekeleza sera za mtumiaji anayeingia, na 8001 ni mwisho wake, likitaja sekunde zilizotumika. Katikati yake utaona matukio ya namba 5016, na yale yenye kosa huwa 7016. Kila moja hutaja kipengele cha sera na milisekunde zake. Leta namba hizo hapa.

Nakuuliza pia: diski za mtandao mmeziunganisha kwa jina la seva au kwa anwani ya IP?

#3 Kanyenye Kompyuta, Tabora

Wakuu, hili mimi nalijua. Seva ya tawi ikipewa nywila isiyolingana na iliyo nayo, haiikatai papo hapo, bali kwanza humuuliza PDC Emulator, kwa kuwa mabadiliko yote ya nywila hupelekwa kwake haraka kuliko kwa seva nyingine. Ikiwa yuko Dar, mnasubiri jibu la Dar. Katika rejista ya Windows, ambamo mipangilio yake hutunzwa, kuna thamani iitwayo AvoidPdcOnWan. Iwekeni iwe 1 kwenye seva ya tawi na safari hiyo itakoma.

#4 Mwana Isevya, Tabora

Ndugu Kanyenye, maelezo yako kuhusu PDC Emulator ni sahihi, lakini dawa hiyo naiogopa. Ukiizuia seva ya tawi isimuulize, mtumishi aliyewekewa nywila mpya na watu wa Dar atakataliwa Kigoma mpaka mabadiliko yafike kwa urudufishaji wa kawaida, yaani seva za domeini kunakiliana habari zao. Kati ya tawi na tawi urudufishaji hufanyika kila baada ya dakika 180 usipogusa mipangilio, na huwezi kuushusha chini ya dakika 15 kwa ratiba. Mtu wa Kibondo aliyekwama hawezi kuambiwa asubiri saa tatu.

Zaidi ya hilo, swali lililonikaa moyoni ni hili: ni nani anayepeleka nywila mbaya hata ikalazimu kumuuliza PDC? Mtumishi ameandika nywila mpya, na imekubaliwa. Basi kuna kitu kingine nyuma yake kinachoendelea kutumia ya zamani.

#5 Fundi wa Gungu, Kigoma

Nashukuru sana, wakuu. Nimepima jana mchana kwa akaunti ya mhasibu mmoja, kwa ridhaa yake, siku ambayo tulikuwa tunatumia setilaiti.

Kutoka tukio 1149 hadi kukubaliwa kwa nywila yake zilipita sekunde chache tu. Tukio 8001 lilisema sera zilichukua sekunde 181. Nilipofungua kipengele kimoja kimoja, vyote vilikuwa chini ya sekunde mbili isipokuwa kile cha kuunganisha diski za mtandao, ambacho peke yake kilichukua zaidi ya milisekunde 168,000.

Ndugu Isevya, diski ziko tatu, na zote zimeunganishwa kwa anwani ya IP. Nilizikuta hivyo nilipoajiriwa. Nimetazama pia kumbukumbu za usalama kwenye seva ya domeini ya tawi, na nimekuta matukio 4776 ya mhasibu yuleyule katika dakika zilezile, yakiwa na msimbo 0xC000006A.

#6 Mwana Isevya, Tabora

Sasa tumefika mahali pa kusemea. Msimbo huo maana yake ni kwamba jina la mtumiaji ni sahihi na nywila si sahihi. Tukio 4776 ni la uthibitisho wa NTLM, njia ya zamani ya Windows ya kumthibitisha mtumiaji. Kerberos ndiyo njia ya kawaida ndani ya domeini, lakini Kerberos hutoa tiketi kwa jina la seva. Ukiitafuta seva kwa anwani ya IP, Windows kwa kawaida huiacha Kerberos na kushika NTLM.

Hilo linajibu fumbo lako la saa ya kwanza. Katika Active Directory, mfumo unaotunza akaunti za domeini, nywila iliyotangulia huendelea kukubaliwa kwa NTLM ya mtandao kwa dakika 60 baada ya kubadilishwa, msimamizi asipobadili muda huo. Uliwekwa kwa makusudi, ili huduma zisikatike ghafla wakati mabadiliko bado yanasambaa. Kwa hiyo kinachotumia nywila ya zamani hukubaliwa mpaka saa ile iishe, kisha kikaanza kukataliwa. Mtu wako hakuharibikiwa na chakula cha mchana. Muda wa huruma ulikuwa umekwisha.

Linajibu pia kwa nini akaunti haifungwi. Kabla ya kuongeza hesabu ya majaribio mabaya, seva ya domeini hulinganisha nywila iliyokataliwa na mbili za karibuni katika historia ya mtumiaji. Ikilingana na mojawapo, jaribio linakataliwa lakini halihesabiwi. Ni busara nzuri, ila ina gharama: kosa halionekani. Hakuna akaunti iliyofungwa, hakuna simu kwa fundi, na kila kuingia kunabeba majaribio matatu ya kimyakimya yanayopanda hadi Dar na kushuka na kukataliwa.

Kwa setilaiti gharama hiyo ni kubwa. Setilaiti ya kawaida ya mawasiliano, ile inayoonekana kusimama mahali pamoja angani, iko karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali na jibu vinapita umbali huo mara nne, na hiyo pekee ni karibu nusu sekunde hata mwanga ukienda kwa kasi yake yote. Mazungumzo ya seva mbili yana hatua nyingi za kwenda na kurudi, na pakiti ikipotea huanza kusubiriana. Hivyo ndivyo jambo la sekunde moja linavyokuwa dakika.

Mwombe mhasibu, akiwa ndani ya kikao chake, aandike `cmdkey /list`, amri inayoorodhesha utambulisho uliohifadhiwa kwenye Windows, utuletee jibu.

#7 Fundi wa Gungu, Kigoma

Imekuwa kama ulivyosema. Orodha yake ina anwani ya IP ya seva yetu ya mafaili, ikiwa na jina lake la domeini. Nilimwelekeza aandike `cmdkey /delete:` ikifuatiwa na anwani ile, akatoka, akaingia tena. Sekunde 21, na bado tulikuwa kwenye setilaiti.

Nimemuuliza kwa upole nywila ile ilihifadhiwaje, na jibu lake limenifundisha zaidi ya kumbukumbu zote. Anasema jioni hafungi kikao, bali huzima dirisha la Remote Desktop ili akute kesho mafaili yake yakiwa wazi. Nywila huibadilisha kwenye kompyuta ya mezani asubuhi. Akirudi kwenye kikao kilekile cha jana, ambacho kilianzishwa kwa nywila ya zamani, hufika wakati diski zikamwomba nywila. Yeye huiandika na kuweka tiki kwenye kisanduku cha kukumbuka, kama ambavyo mtu yeyote mwenye kazi nyingi angefanya. Mwezi huo kila kitu ni sawa. Baada ya siku 60 anabadili tena, na ile aliyoihifadhi inakuwa ndiyo ya zamani, na Windows huitumia kwanza kwa seva ile kabla ya kujaribu utambulisho aliouingia nao.

Sasa naelewa pia kwa nini wengine walipona wenyewe. Ni wale waliobonyeza diski yenye alama nyekundu, wakaandika nywila mpya na kuweka tiki tena. Wasiotumia diski za pamoja hawakuona sababu ya kuzibonyeza, kwa hiyo waliendelea kuchelewa wiki nzima. Akaunti yangu ya usimamizi haina diski hizo.

#8 Dada wa Mwanga, Kigoma

Habari zenu. Mimi si fundi, ni mtumiaji wa mfumo kama huu katika ofisi nyingine hapa Kigoma, na ninaomba kuuliza. Sisi hatucheleweshwi, tunakataliwa kabisa. Nikisahau nywila, watu wa msaada hunipa ya muda na kuniambia kwamba mfumo utanitaka niibadili nikiingia. Nikijaribu kwa Remote Desktop, naambiwa nibadili nywila kwanza ndipo niingie, lakini sipewi pa kuibadilishia. Fundi wetu alizima kitu kiitwacho NLA na nikaingia. Je, ni sahihi?

#9 Mwana Isevya, Tabora

Dada, swali lako ni la haki kabisa. NLA ni utaratibu wa kukuthibitisha kabla seva haijakufungulia skrini yoyote. Ukurasa wa kubadili nywila uko ndani ya skrini hiyo, na wewe huwezi kuufikia mpaka uwe umethibitishwa kwa nywila ambayo mfumo unasema haifai tena. Ndiyo maana unazunguka mlangoni.

Hata hivyo, namwomba fundi wenu arudishe NLA. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza udhaifu mkubwa katika Remote Desktop ya matoleo ya zamani ya Windows, uliojulikana kwa jina la BlueKeep, ambao mshambulizi aliweza kuutumia bila kuwa na nywila yoyote. Seva zilizokuwa na NLA zilikuwa na kinga ya kiasi, kwa sababu mshambulizi alilazimika kwanza kuwa na akaunti halali. Kwenu, njia salama ni kubadili nywila ya muda kwenye kompyuta yoyote ya ofisi iliyo ndani ya domeini, ukiwa umeketi mbele yake. Kwa walio mbali, seva ya RD Web Access, inayofikiwa kwa kivinjari, ina ukurasa wa kubadili nywila ambao msimamizi anaweza kuuwasha.

#10 Mtumishi Kasulu

Wakuu, mimi nina hali inayofanana na hiyo lakini haijapona kwa `cmdkey`. Natumia kompyuta ya mkononi ya ofisi, kwa VPN. Nilibadili nywila nikiwa ndani ya Remote Desktop kwa kubonyeza Ctrl, Alt na End, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa Ctrl, Alt na Delete huishia kwenye kompyuta iliyo mbele yangu. Tangu siku hiyo kompyuta yangu inafunguka kwa nywila ya zamani, seva inataka mpya, na kila nikiwasha VPN mambo mengi yanasuasua.

#11 Mwana Isevya, Tabora

Ndugu wa Kasulu, kompyuta yako haijapata habari. Windows hutunza utambulisho wa watumiaji wa mwisho walioingia, kwa kawaida 10, ili uweze kuingia hata seva ya domeini isipofikiwa. Ulibadili nywila kule kwenye seva, na nakala iliyo kwenye kompyuta yako ikabaki ya jana. Ukiwasha VPN, kila programu inayojitambulisha kwa niaba yako hupeleka ile ya jana.

Washa VPN, hakikisha imeshika, kisha funga skrini kwa Windows na L. Fungua kwa nywila mpya. Hapo kompyuta itaiuliza seva ya domeini na kuandika nakala mpya. Usianze kwa kuizima kompyuta, kwa sababu ikiwaka VPN itakuwa haijashika na utakuwa umerudi ulipoanzia.

#12 Kanyenye Kompyuta, Tabora

Nimekubali hoja ya AvoidPdcOnWan. Naongeza la kwetu. Tawi letu lilipewa seva ya domeini ya kusoma tu, aina iliyoanza na Windows Server 2008. Nywila ikiwekwa upya na msimamizi, badala ya kubadilishwa na mwenyewe, siri alizohifadhi mtumiaji haziwezi kufunguliwa kwa nywila yake mpya. Ufunguo wake mkuu ulifungwa kwa ile ya zamani, na hana tena mahali alipoiandika. Windows hulazimika kuiomba seva ya domeini imsaidie kuurejesha, na seva ya kusoma tu haina uwezo huo. Inatakiwa seva kamili. Ukuta wa moto wetu ulikuwa unazuia mawasiliano hayo kutoka kompyuta za tawi, basi watu waliowekewa nywila walisubiri mno, na wale waliojibadilishia wenyewe hawakusubiri. Kama nisingelinganisha makundi hayo mawili, ningekuwa bado nahangaika na nyaya. Tulifungua njia hadi kwa seva kamili, likaisha.

Msisahau na saa. Kerberos hukataa tofauti inayozidi dakika 5. Tawi lenye kukatikiwa umeme mara kwa mara, na betri ndogo ya ubao mkuu iliyokwisha, linaweza kuamka asubuhi likiwa mwaka mwingine. Amri ya kukagua saa, `w32tm /query /status`, haichukui hata dakika.

#13 Fundi wa Gungu, Kigoma

Saa zetu nimezikagua, ziko sawa.

Nawaletea tulichofanya. Diski zote tatu sasa zinaunganishwa kwa jina la seva, ili Kerberos ishike nafasi yake. Kikao kilichoachwa bila kufungwa kinafungwa na seva baada ya saa mbili. Hilo halikupokelewa kwa furaha, nami niliwaelewa, basi nilikaa na kila mtu nikamwonyesha jinsi ya kuhifadhi kazi yake na kufunga kikao kwa njia ya kawaida. Nilifikiria pia kuwasha sera ya kuzuia kabisa kuhifadhi nywila za mtandao, lakini sera hiyo huzuia pia kazi za ratiba zinazotegemea nywila iliyohifadhiwa, na nakala zetu rudufu za usiku hutegemea kazi ya namna hiyo. Nimeiacha kwanza.

Kuna mhasibu mmoja ambaye akaunti yake ilikuwa ikifungwa kila wiki, na nilikuwa nimeliona kama jambo jingine kabisa. Kumbe aliyokuwa ameihifadhi ilikuwa nywila ya mabadiliko matatu nyuma, ambayo haimo tena katika zile mbili zinazosamehewa, kwa hiyo kila diski ilihesabiwa kosa. Nilimwomba radhi, kwa kuwa niliwahi kumwambia kwamba anakosea kuandika.

#14 Kanyenye Kompyuta, Tabora

Umewafutia wote kwa mkupuo kutoka akaunti ya usimamizi, au mmoja mmoja?

#15 Fundi wa Gungu, Kigoma

Kwa akaunti ya usimamizi haiwezekani, mkuu. Hazina ya nywila ni ya kila mtumiaji, na `cmdkey` huona ya yule aliyeiendesha tu. Niliweka amri ya kufuta ndani ya skripti inayoendeshwa mtumishi mwenyewe anapoingia. Kwetu diski huunganishwa kabla ya skripti hiyo kufika, basi kila mmoja alichelewa mara moja ya mwisho, na nilikuwa nimewaarifu mapema. Mara ya pili wote waliingia chini ya sekunde 25, Kibondo wakiwemo. Amebaki mtumishi mmoja wa Kasulu aliye likizo ya uzazi, nami nimeiacha skripti ikimsubiri.